Kushiriki na Kushirikishwa: Sheria ya Ugaidi Inapofika Fizi na Baraka

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wapatao 40 wenye bunduki walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti, wakashuka Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye kituo ambako Jane Goodall alikuwa akiwachunguza sokwe. Waliondoka na watafiti vijana wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakawavusha hadi ng'ambo, kwenye milima ya Fizi, mashariki mwa Congo ya leo. Watekaji hao walikuwa wapiganaji wa PRP, chama kilichoanzishwa na Laurent-Désiré Kabila mwaka 1967, ambacho kwa miaka mingi kilitawala vijiji vya milimani juu ya mji wa Baraka. Walidai fedha, silaha, na kuachiwa kwa wenzao waliokuwa wamefungwa Tanzania. Fidia ililipwa, na mateka wote wanne wakarudi kwao wakiwa hai.

Mei 1997 Kabila huyo huyo alikuwa rais wa Congo. Mwanawe Joseph, ambaye wasifu wake rasmi unasema alizaliwa Hewa Bora, humo humo Fizi, mwaka 1971, alimrithi. Tarehe 18 Novemba 2002 ikatoka chini ya utawala wake sheria namba 024/2002, yaani Kanuni ya Adhabu ya Kijeshi, na ndani yake mna maelezo ya ugaidi ambayo mahakama za Congo zinayatumia hadi leo. Tarehe 30 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu Joseph Kabila kifo, mwenyewe akiwa hayupo, kwa makosa yaliyojumuisha uhaini, uhalifu wa kivita na kuhusika na harakati za uasi, kwa sababu ya uhusiano wake na waasi wa M23. Wafuasi wake waliiita hukumu ya kisiasa.

Baba alifanya utekaji ambao leo ungeandikiwa mashtaka ya ugaidi bila kusita, na hakusimamishwa mahakamani. Mtoto alihukumiwa kwa kanuni iliyotoka wakati wa utawala wake mwenyewe. Wakazi wa Fizi na Baraka waliishi katikati ya hayo yote, na wao ndio wenye haja kubwa kuliko wengi ya kujua sheria inakusudia nini inaposema kwamba mtu "ameshiriki".

Neno gaidi lenyewe ni la zamani kuliko sheria hizi. Kamusi za awali zinalieleza kuwa mnyang'anyi, haramia wa njiani, mtu anayewavizia wapita njia na kuwapora. Maana ya kisiasa iliingia baadaye, na ilienea sana baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 1998. Kwenye Kiswahili cha Kivu, gaidi ni neno la redio. Watu husema waasi, Mai-Mai, wenye silaha, au hutaja jina la kamanda tu. Mtu wa Mboko anayeambiwa na mwendesha mashtaka kwamba anatuhumiwa kwa "terrorisme" anaweza kudhani kwamba anaitwa mwizi wa barabarani, au kwamba anahusishwa na mabomu ya nchi za mbali. Tafsiri zote mbili hazimsaidii kujitetea.

Kifungu cha 157 cha Kanuni ya Adhabu ya Kijeshi kinafuata nyayo za sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Septemba 1986, na kinasimama juu ya nguzo mbili. Kwanza pawe na tendo ambalo tayari ni kosa: kuua, kujeruhi, kuteka, kufungia watu, kuiba kwa nguvu, kuharibu mali, kutengeneza silaha za maangamizi. Pili, tendo hilo liunganishwe kwa makusudi na mpango wa mtu mmoja au wa kundi, wenye lengo la kuvuruga vibaya utulivu wa umma kwa vitisho au kwa hofu kuu. Nguzo ya pili ndiyo inayomtofautisha gaidi na jambazi wa kawaida. Jambazi anataka simu yako. Gaidi wa kifungu cha 157 anakutumia wewe kuwatisha wengine.

Kesi zimekwishapita kwa kifungu hicho. Kanali Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na Novemba ya mwaka huo mahakama ya kijeshi mjini humo ikamhukumu kifo Luteni Kanali Birocho Nzanzu. Ugaidi ulikuwa miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Christian Malanga mjini Kinshasa, Mei 2024, watu 37 walihukumiwa kifo tarehe 13 Septemba mwaka huo, Wamarekani watatu wakiwemo, na ugaidi ukatajwa tena pamoja na kosa la kuunda genge la wahalifu. Wamarekani hao walipunguziwa adhabu ikawa kifungo cha maisha, kisha Aprili 2025 wakarudishwa kwao.

Fizi ina kesi yake kubwa, na haikubeba jina la ugaidi. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 wanajeshi wa serikali walivamia mji wa Fizi, wakapora na kuwabaka wanawake wengi. Februari mwaka huo mahakama ya kijeshi inayotembea iliweka vikao Baraka, wanawake 49 wakatoa ushahidi, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 pamoja na wanajeshi wengine wanane waliopewa vifungo mbalimbali. Kosa lililowatia hatiani lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa ubakaji. Kwa mtu aliyejifungia nyumbani usiku ule, hofu ilikuwa hofu. Kwa sheria kuna tofauti: uhalifu dhidi ya ubinadamu unahitaji shambulio pana au lililopangwa dhidi ya raia, na hauulizi kama mshambuliaji amevaa sare ya serikali au ngozi ya chui. Hukumu ya Baraka ilimfikia kamanda mwenyewe. Kwa eneo hili, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Lakini mtu wa kawaida anayekamatwa Kivu Kusini kwa sababu ya makundi yenye silaha hukutana zaidi na maneno mengine mawili ya Kifaransa. La kwanza ni "mouvement insurrectionnel", ambalo kifungu cha 136 kinalieleza kuwa ukatili wowote wa pamoja unaoweza kuzihatarisha taasisi za Jamhuri au kuigusa mipaka ya nchi. Kiswahili chake kizuri ni harakati za uasi. Kosa la kushiriki harakati hizo lilimo katika kesi ya Kavumu, ambapo tarehe 13 Desemba 2017 mbunge wa jimbo Frédéric Batumike na wanamgambo wa kundi lililoitwa Jeshi la Yesu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wadogo na mauaji. Limo pia katika hukumu ya kifo ya Agosti 2024 dhidi ya Corneille Nangaa na viongozi wengine wa muungano wa AFC na M23.

La pili ni "association de malfaiteurs", kwenye Kanuni ya Adhabu ya kiraia ya mwaka 1940, vifungu vya 156 hadi 158. Tafsiri iliyozoeleka ni genge la wahalifu, nayo inatosha. Kinachotisha ni ukali wake: kosa linakamilika kwa kule kuundwa tu kwa genge, hata kabla halijampiga mtu kofi, na adhabu iliyoandikwa ni kifo, kwa viongozi na kwa wanachama wengine pia. Hukumu za kifo zilikuwa zikitolewa bila kutekelezwa tangu 2003, hadi waraka wa Wizara ya Sheria wa Machi 2024 ulipoondoa zuio hilo kwa makosa ya uhaini na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo.

Kuchagua kati ya "uasi" na "ugaidi" kuna matokeo ambayo raia hayaoni mapema. Sheria ya msamaha ya tarehe 11 Februari 2014 iliwafutia makosa watu waliofanya uasi, vitendo vya vita na makosa ya kisiasa kati ya Januari 2006 na Desemba 2013. Ugaidi uliachwa nje ya msamaha huo, pamoja na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, ubakaji na kuandikisha watoto jeshini. Kijana aliyebeba bunduki msituni Ngandja angeweza kurudi nyumbani na cheti cha msamaha kama karatasi yake ilisema mwasi. Kama ilisema gaidi, mlango ulifungwa.

Na majina haya hubadilika upesi. William Amuri Yakutumba alikuwa ofisa wa jeshi aliyekataa kuhamishwa kutoka Fizi, akaunda kundi lake, na Septemba 2017 wapiganaji wa muungano wake walitaka kuuteka mji wa Uvira, wengine wakija kwa boti. Wakati ule aliitwa mwasi na serikali yenyewe. M23 iliporudi vitani, makundi kama lake yakaitwa Wazalendo, na Mei 2023 nchi ikapata sheria ya kuanzisha jeshi la akiba, iliyowafungulia wapiganaji wa namna hiyo mlango wa kisheria. Februari 2024 Kamati ya Vikwazo ya Umoja wa Mataifa ikamweka Yakutumba kwenye orodha yake, siku moja na Michel Rukunda, maarufu Makanika, kamanda wa Twirwaneho, kundi la Banyamulenge, aliyekuwa akipigana upande wa pili wa milima hiyo hiyo. Makanika aliuawa Februari 2025. Wakati huo wote ibara ya 190 ya Katiba haikubadilika hata nukta: ni marufuku kwa mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au wanamgambo binafsi, na anayefanya hivyo anastahili adhabu ya uhaini mkuu.

Ikiwa jina la kundi linaweza kugeuka kwa tangazo moja la Kinshasa, raia anahitaji ulinzi usiotegemea jina hilo. Ulinzi huo umo katika kitenzi. Sheria haimuulizi muuza samaki wa Baraka kama anawapenda Mai-Mai, wala kama binamu yake yuko msituni. Inamuuliza alifanya nini.

Kanuni ya 1940 inawagawa wahusika katika vifungu vya 21 hadi 23. Mshiriki mkuu ni yule aliyelitenda kosa, aliyesaidia kwa msaada ambao bila huo kosa lisingefanyika, au aliyelichochea kwa zawadi, vitisho au hila. Msaidizi ni yule aliyetoa maelekezo, vifaa au hifadhi kwa namna nyepesi zaidi, naye hupewa adhabu isiyozidi nusu ya ile ya mkuu. Kosa likiwa la kifo au maisha, yeye hufungwa miaka 10 hadi 20. Na kifungu cha 158, pamoja na ukali wake wote, kinapowataja waliolipa genge silaha, risasi au vifaa, kinaweka maneno mawili ya Kifaransa, "sciemment et volontairement". Kwa kujua na kwa hiari. Mwendesha mashtaka anatakiwa athibitishe yote mawili.

Hapo Kiswahili kina vyombo ambavyo Kifaransa hakina. Kushiriki ni kuingia katika jambo kwa miguu yako. Kushirikiana ni kulifanya pamoja na mwenzio, kila mmoja akitaka. Kushirikishwa ni kuingizwa na mwingine. Mzizi ni mmoja, lakini mkalimani akiteleza kwenye kiambishi, mtu anakwenda gerezani. Ndivyo ilivyo pia kwa kutoa. Toa ikipata usababishi inakuwa toza, na anayetendewa ametozwa. Mwenye duka aliyetoa mchele na mwenye duka aliyetozwa mchele wote wawili wamepungukiwa mchele; mbele ya kifungu cha 158 hawafanani hata kidogo.

Jambo hili si la darasani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji waliorodhesha vizuizi 798, yaani bariere, kwenye barabara za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vingine vya jeshi la serikali, vingine vya makundi yenye silaha, na kila kipitacho hulipa. Anayepeleka bidhaa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, anayeshusha mihogo kutoka Lulenge, anayerudi na samaki kutoka rasi ya Ubwari, wote wanajua kwamba kwenye bariere hakuna majadiliano. Mchango huo unaitwa "effort de guerre" sehemu moja, na huko Kivu Kaskazini umewahi kuitwa lala salama. Jina hilo linasema wazi kwamba usipolipa hutalala salama. Mahakama ikiuchukua kama ufadhili kwa makundi yenye silaha, basi nusu ya wafanyabiashara wa mashariki ni wahalifu. Sheria namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022 dhidi ya utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi ilitungwa kwa ajili ya wanaopeleka fedha wakijua zinakokwenda na wakitaka zifike. Ni wajibu wa mwendesha mashtaka kuwatenganisha hao na mama anayetozwa kwenye bariere, na hakimu anayekubali kutowatenganisha anaisaliti sheria yenyewe.

Majirani wamechukua njia nyingine. Uganda, katika Sheria yake ya Kupambana na Ugaidi ya 2002, iliorodhesha majina ya makundi, ADF na LRA yakiwemo, na kuwa mwanachama tu ni kosa la kifungo kisichozidi miaka 10. Kenya, katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, inamfunga hadi miaka 30 mtu aliye mwanachama wa kundi la kigaidi au anayejitangaza kuwa hivyo. Orodha ina faida: raia anajua mapema jina lipi ni haramu. Lakini sheria ya ugaidi inaweza kuelekezwa kokote. Tanzania, yenye sheria yake ya mwaka 2002, ilimfikisha mahakamani Julai 2021 mwenyekiti wa wakati huo wa chama cha upinzani cha Chadema, Freeman Mbowe, kwa mashtaka yaliyohusu ugaidi, akakaa rumande zaidi ya miezi saba hadi mashtaka yalipofutwa Machi 2022.

Sheria nyingine ya ugaidi imewafuata watu wa Fizi hadi kambini, nayo ni ya Marekani. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996, na Wabembe wa Fizi ni wengi humo. Maelfu wamehamishiwa Marekani, wakipitia mahojiano ambamo waliulizwa kama waliwahi kulisaidia kundi lenye silaha. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo, baada ya mabadiliko ya 2001 na 2005, inahesabu kuwa la kigaidi hata kundi lisilo kwenye orodha yoyote, mradi liwe na watu wawili au zaidi, wamejipanga au hawakujipanga, na wafanye vitendo vya kigaidi. Kwa kipimo hicho Mai-Mai wa kijiji chochote anaingia.

Msaada unaokatazwa huko hutafsiriwa mara nyingi "msaada wa vifaa", na tafsiri hiyo inawaponza watu. Anayeisikia hufikiri risasi na redio za mawasiliano, akajibu hapana kwa moyo safi. Kumbe sheria inataja pia fedha, hifadhi, usafiri na mafunzo. Kiswahili kina msemo unaolingana nayo karibu kabisa: msaada wa hali na mali. Mkimbizi akiulizwa hivyo, atakumbuka ugali aliopika usiku ule, na ataeleza pia bunduki iliyokuwa mlangoni. Maelezo hayo ya pili ndiyo yanayomwokoa, kwa maana tangu 2007 serikali ya Marekani ina utaratibu wa kuwaondolea kizuizi waliolazimishwa. Bila kuyasema, hakuna cha kuondolewa. Mwaka 2018 baraza la rufaa za uhamiaji liliamua kesi ya mwanamke wa El Salvador aliyetekwa na waasi na kulazimishwa kuwapikia, kuwafulia na kuwafanyia usafi, baada ya kushuhudia mumewe akiuawa. Baraza lilisema kazi hiyo ilikuwa msaada kwa magaidi. Mjumbe mmoja alipinga, na mtu yeyote aliyeishi Lulimba au Kazimia anaelewa kwa nini.

Kuhusu watoto, Congo imeandika vizuri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemwingiza mtoto wa chini ya miaka 18 jeshini au kwenye kundi lenye silaha kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mtoto mwenyewe ni wa kulindwa. Neno kushirikishwa linamfaa mtoto huyo kuliko mtu mwingine yeyote, na anapokutwa na bunduki begani, ofisa anayeandika "ameshiriki" ameshaandika kosa lisilokuwepo.

Kuna pia kosa la pamoja, ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria lakini limo midomoni. Mbembe anayesafiri Minembwe anaitwa Mai-Mai, Munyamulenge anayeshuka sokoni anaitwa Twirwaneho, Mrundi wa kambi ya Lusenda anaulizwa kuhusu waasi wa Burundi wa RED-Tabara. Ibara ya 17 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakataa hilo kwa maneno yasiyohitaji mwanasheria: dhima ya jinai ni ya mtu binafsi, na hapana anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Ibara inayofuata, ya 18, inampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja sababu na mashtaka katika lugha anayoielewa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika ibara ya kwanza.

Basi mashtaka yanaposomwa Baraka, na mkalimani aliyeapishwa amesimama kati ya faili la Kifaransa na mtuhumiwa, sentensi ya kutosha ipo: "Unashtakiwa kwamba, ukijua na kwa hiari yako, uliwapa watu hawa silaha au ulijiunga nao, ili watishe raia kwa kuua na kuteka." Mtuhumiwa akijibu kwamba alitozwa, au alishirikishwa, ni jibu la kisheria, na karani anapaswa kuliandika kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la bariere, tarehe, na nani alikuwa ameshika bunduki.